Maziwa Niliyoyanyamazia

Rexdale, Kanada, alasiri

Mwanangu Goreti,

Mama yako ameshamaliza maagizo yote. Soksi za sufu, dawa za tumbo, simu kila Jumapili hata kama huna la kusema. Mimi huko sina la kuongeza. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa hospitali, yeye yuko zamu kwa wazee anaowatunza, na mimi nimeketi mezani jikoni na karatasi ambazo mwanzoni nilizitoa ili nikuandikie mistari miwili ya heri. Lakini kuna jambo ambalo nimelikwepa miaka mitano, na kesho unapanda ndege.

Juzi ulitusimulia jinsi kamati yetu ya misaada ilivyokuhoji bila mimi kuwapo. Walikuuliza kwa nini muuguzi wa miaka ishirini na mitatu anaacha kazi nzuri aende kuishi kwenye mahema Uturuki, na watu walioangukiwa na nyumba zao kwenye tetemeko. Ukajibu, "Kwa sababu ya baba yangu." Ukawaeleza habari ya majina kwenye katoni, na wewe mwenyewe ukacheka kwa furaha ulipokuwa ukitusimulia. Mama yako akanitazama. Mimi nikainuka kwenda kujiongezea chai, na kikombe changu kilikuwa kimejaa.

Ulichowaambia ni kweli, mama. Ila ni nusu. Wengi wa waliokuhoji walijiunga na kamati baada ya mambo hayo, kwa hiyo hawakuweza kukusahihisha. Nusu ya pili ninayo mimi.

Unakumbuka kiangazi kile. Vita vya Rwanda vilikuwa vimewamwaga watu Goma, kipindupindu kikawa kinawamaliza, na kila jioni tuliketi sisi watatu mbele ya televisheni. Nilikuwa nimefanya kazi miaka saba pale ghalani karibu na uwanja wa ndege, nikipakia na kupakua. Mwenye ghala, Myahudi mpole asiyependa maneno mengi, alituambia tuondoe mizigo upande mmoja wote kwa sababu vyama vya Kiyahudi vya mjini vimeamua kukusanya misaada kwa pamoja.

Vilikuwa vyama vitano. Masinagogi mawili, chama cha akina mama, chama cha madaktari, na chama cha wazee waliokimbilia Kanada kutoka Ulaya baada ya vita kuu. Mimi nilidhani Wayahudi ni kitu kimoja, kama wao walivyodhani Waafrika ni kitu kimoja. Kumbe sinagogi moja lilikuwa la watu wanaoshika sheria kwa ukali, na katika lile jingine wanawake huketi pamoja na wanaume na kusoma mbele ya watu. Viongozi wao waliishi mtaa mmoja na walikuwa hawajawahi kuketi meza moja. Hata chai ilikuwa shida, maana kuna waliokuja na vikombe vyao kutoka nyumbani kwa ajili ya sheria zao za vyakula. Kila chama kilikuwa na orodha yake, watu wake wa kuwapigia simu Afrika, na daftari lake ambalo wengine hawakuruhusiwa kulifungua.

Aliyewaita pamoja alikuwa Bi Lea, mama mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya kuamrisha. Alizaliwa Polandi. Alinikuta nikifunga katoni akaniuliza natoka wapi.

"Burundi," nikasema. "Lakini nilikulia Tanzania, kambini."

"Kambini?" Akavuta kiti cha pembeni yake. "Basi njoo uketi. Hapa tunabishana kuhusu mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika."

Kesho yake nilivaa tai. Ulinicheka. "Baba, tai ya kubebea katoni?" Sikukujibu, na leo nakujibu. Kwa miaka saba katika nchi hii watu walikuwa wameniuliza kama naweza kubeba, kama naweza kuja mapema, kama naweza kubaki saa moja zaidi. Hakuna aliyeniuliza naonaje. Mtu akikaa na kiu ya namna ile miaka saba, siku akipewa maji hunywa bila kuangalia kikombe.

Ndipo ukaja ule ugomvi unaoujua, wa jina la chama gani liandikwe kwanza kwenye katoni. Walizungumza saa mbili. Nikasema mtu wa kambini hahitaji kujua nani ametuma, anahitaji kujua kilichomo ndani, kwa hiyo tuandike tu "Blanketi" na "Sabuni" kwa Kiswahili na Kifaransa. Bi Lea akapiga meza kwa kiganja, na ikawa hivyo. Niliandika maandishi yale kwa mkono wangu. Kwa wiki nzima niliporudi nyumbani mlikuwa mnanipigia makofi mlangoni. Mpaka hapo ndipo habari yako inapoishia.

Mkutano uliofuata, mwanamke mmoja wa chama cha akina mama, Bi Rosalindi, aliingia akiwa anakaribia kulia kwa furaha. Alikuwa amezunguka mji mzima siku tisa akiomba, na amepata maziwa ya unga ya watoto wachanga, katoni nyingi za kujaza nusu ya upande wetu. Watu wakampongeza. Daktari Perlman, aliyekuwa daktari wa watoto, hakupongeza. Aliuliza polepole, "Na maji ya kukorogea? Huko yapo?"

Wote wakanigeukia mimi.

Hapa lazima nikuambie habari ya Anjelina, ambaye hujawahi kulisikia jina lake kinywani mwangu.

Tulipokimbia Burundi nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yangu alinyonyesha njiani mpaka maziwa yakakauka. Anjelina, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa na miezi minne. Tulipofika upande wa Tanzania tukapewa makopo ya maziwa na watu wema, watu waliotutabasamia, na mama akapiga magoti kuwashukuru. Mimi ndiye niliyetumwa maji. Kulikuwa na kidimbwi, watu wote tulichota pale. Kuni zilikuwa za kugombania na mimi sikuwa mtu wa kugombana. Nilikoroga maziwa kwa maji yale bila kuyachemsha, nikampa mtoto, akanywa yote, nikafurahi. Aliharisha siku tatu. Siku ya nne tulimzika. Mama yangu hakunilaumu kamwe, na kwa sababu hakunilaumu, hatukuzungumza. Baba yangu naye hakusema. Tuliishi nyumba nzima na jambo lile likiwa katikati yetu, tukilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo uani.

Kwa hiyo Daktari Perlman aliponiuliza, ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu aliyelijua jibu kunishinda mimi.

Nikamtazama Bi Rosalindi usoni. Alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja, ananingoja. Nikafikiria kiti changu. Nikafikiria watakavyosema, huyu naye tumemkaribisha juzi tu na tayari anakataa zawadi. Nikatabasamu, nikasema, "Akina mama watashukuru sana."

Ona nilivyofanya. Sikusema uongo. Wangeshukuru, kama mama yangu alivyoshukuru. Daktari akaitikia kwa kichwa, akidhani nimemjibu, na wakaendelea na mahema. Jioni ile niliandika kwa wino mzito kwenye kila katoni, "Maziwa ya watoto." Mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo.

Ndege ya mizigo iliondoka Jumanne. Mtu wa kupokea alikuwa Nairobi, na kutoka pale vitu vingesafirishwa Goma. Jumatano sikula. Alhamisi wewe ulikuja na wenzako wa shule wawili kunitambulisha, ukawaambia baba yako anawasaidia Wayahudi kuwasaidia Waafrika, nikawapa mikono. Ijumaa nilikuwa na mapumziko. Mama yako alinikuta alasiri nimekaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi.

"Baba Goreti, una nini?"

Nikamwambia yote. Ya Anjelina alikuwa hayajui naye. Miaka ishirini ya ndoa. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka, kisha akayafuta kwa upande wa kanga akauliza, "Nani mwingine umemwambia?"

"Wewe tu."

"Mimi nina ndege? Mimi nina simu ya Nairobi?" Akaniokotea kiatu cha pili. "Vaa. Leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato yao inaanza, wale watu hawashiki simu mpaka kesho jioni."

Nilipiga simu kwa Bi Lea, haikupokewa. Nikakimbilia basi la barabara ya Kipling, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi jingine la kupanda na barabara ya Bathurst, na kila mahali watu walikuwa wametulia na barafu zao za kulamba mkononi. Nilifika kwake saa mbili kasoro, jua la kiangazi likiwa bado halijazama. Alikuwa jikoni, mikono ina unga, ndiyo maana hakupokea simu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Yale maziwa yataua watoto, na mimi nilijua."

Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja, akampigia Daktari Perlman ambaye hakuishi mbali, naye akaja na gari lake. Tulikuwa barabarani ndani ya robo saa. Hapo ndipo ile mipaka ya vyama ilipotuumiza, kwa sababu namba ya yule mtu wa Nairobi ilikuwa kwenye daftari la sinagogi lile la wanaoshika sheria kwa ukali, na daftari lilikuwa nyumbani kwa rabi wao. Daktari alimpigia rabi kabla hatujaondoka. Simu iliita mpaka ikakatika.

Magari yalikuwa yamebanana Bathurst. Bi Lea alikaa mbele, hakugeuka nyuma. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kuwaudhi."

"Mimi sikukuita pale unifurahishe."

Tukaenda tena kidogo. Kisha akaanza kuzungumza, sauti yake ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Vita kuu vilipokwisha alikuwa na miaka kumi na minne, kwenye kambi moja ya mateso kule Ulaya, pamoja na dada yake. Walikuwa wamebaki mifupa. Wanajeshi waliokuja kuwafungulia walikuwa vijana, wengine walilia walipowaona, wakatoa chakula chote walichokuwa nacho. Nyama ya kopo, yenye mafuta. Dada yake alikula kopo zima. Tumbo lililokaa na njaa miaka ile halikuweza. Alikufa kesho yake asubuhi, akiwa huru.

"Nimewafikiria vijana wale maisha yangu yote," akasema Bi Lea. "Walitupenda. Hakuna aliyewaambia."

Alikuwa amenikabidhi kitu kizito kuliko lawama, na hakuniambia nikifanye nini.

Tulipofika kwa rabi jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mishumaa ilikuwa inawaka mezani, watoto wamevaa meupe, mkate umefunikwa kitambaa. Rabi alikuwa kijana kuliko nilivyokumbuka. Alitutazama mlangoni: mwanamke wa chama cha wazee, daktari ambaye husali kwenye lile sinagogi jingine na ambaye amekuja kwa gari siku ya Sabato, na Mwafrika aliyelowa jasho. Nilifikiri atafunga mlango.

Daktari alieleza kwa maneno machache. Rabi akanigeukia mimi. "Una hakika?"

Mama, ile ndiyo mara ya pili nilipoulizwa. "Nina hakika," nikasema. "Nilimzika mdogo wangu."

Akaenda chumba cha pili, akarudi na daftari, akainua simu na kupiga namba yeye mwenyewe. Mtoto wake mkubwa akashtuka, akasema, "Baba!" Rabi akaziba simu kwa kiganja akamwambia, bila ukali, "Kuna watoto wanaweza kufa. Sheria ile ile inayoniambia nisishike simu leo inaniambia niishike." Kisha akamsogezea Daktari Perlman kiti chake mwenyewe, kile cha mwisho wa meza, na, simu ikiendelea kuita, wakaanza kuandika pamoja maneno ya kumwambia mtu wa Nairobi, vichwa vyao vimekaribiana.

Mtu wa Nairobi aliamka, akasikiliza. Sehemu kubwa ya maziwa ilikuwa bado ghalani kwake, akaahidi haitatoka. Ila katoni za kwanza zilikuwa zimepandishwa juzi yake kwenda Goma. Akatuma ujumbe huko. Muuguzi aliyekuwapo aliupata Jumapili na akazunguka hema kwa hema kukusanya makopo. Mengi aliyapata. Si yote.

Najua utauliza. Umesomea uuguzi, utataka kujua. Sijui, Goreti. Kambi ile ilikuwa na kipindupindu, watoto wengi walikuwa wakifa kila siku, na hakuna anayeweza kusema huyu ni wa kopo langu na huyu siye. Muda mrefu sikuthubutu hata kuuliza. Nilipouliza, muuguzi yule alinijibu kwa barua fupi na ya heshima kwamba hajui. Naishi na neno hilo. Sikuombi unifariji.

Wiki iliyofuata nilikwenda mkutanoni bila tai, nikasimama mlangoni, nikawaeleza wote. Walianza kulaumiana, chama kwa chama, nani alipaswa kuuliza, nani alificha namba, mpaka Bi Rosalindi akanyanyuka. Alikuja mpaka nilipo. "Ulinitazama usoni," akasema. "Siku tisa nilitembea. Ulinitazama usoni ukaniacha." Akatoka nje. Hakunisemesha karibu mwaka mzima, na alikuwa na haki.

Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyerudi na sharti ambalo utakutana nalo katika karatasi zako: hakitoki kitu mpaka mtu aliye kule, jina lake linajulikana, aseme kinahitajika na aseme kitatumikaje. Na yale madaftari matano yakawa moja, kila chama kina nakala. Hayo hayakutokana na hekima yangu. Yalitokana na Ijumaa moja ambayo watu walilazimika kugongeana milango. Waliniachia kiti changu, sijui mpaka leo kwa nini. Bi Lea alipoacha kazi za kamati nilimuuliza. Akasema, "Kwa sababu wewe sasa unaogopa kitu kinachofaa kuogopwa."

Sasa unakwenda wewe. Na nimewaza sana nikuambie nini ambacho si hotuba, maana hotuba zangu unazijua, huwa unaanza kuitikia kabla sijafika katikati.

Nataka ujue tu kwamba huko Uturuki nitakuwapo. Sitakuwa yule wa katoni. Nitakuwa mtu mmoja wa palepale, mwenyeji, labda mkalimani, labda baba wa watoto watatu aliyelala nje mwezi mzima. Utamletea kitu, utamuuliza kama kinafaa, naye atatabasamu aseme watashukuru sana. Utakuwa umechoka, utakuwa umesafiri mbali, na jibu hilo litakuwa tamu. Mtazame vizuri. Akijibu ambacho hukumuuliza, huyo ni mimi. Usimwaibishe mbele ya watu. Mngoje mkiwa wawili, keti chini kama yeye alivyoketi, umuulize tena. Mimi kama Daktari Perlman angenifuata nje jioni ile akaniuliza mara ya pili, nadhani ningesema. Simlaumu. Nasema tu ningesema.

Na siku wewe mwenyewe utakapokosea, kwa maana utakosea, usikae siku tatu na kiatu mkononi. Mimi nilipoteza Jumatano, na Alhamisi, na nusu ya Ijumaa. Hizo siku ndizo zinazonirudia kuliko lile neno nililolisema mkutanoni. Neno lilitoka kwa woga wa mara moja. Zile siku nilizichagua, moja baada ya nyingine.

Huenda baada ya haya utaona huna tena sababu ile uliyowatajia. Kama ni hivyo, tafuta yako mwenyewe, na kama huipati, kubaki si aibu, nitakupeleka mimi kuwaambia. Lakini nakufahamu. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wetu wa kwanza hapa, ulimshika mkono bibi wa Kichina aliyepotea kituo cha basi, ukazunguka naye mitaa mitatu mpaka akaitambua nyumba yake, na hamkuwa na hata neno moja mnaloelewana. Hapo sikuwapo, niliambiwa. Hukujifunza kwangu.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa mbali na mimi niko salama huku. Nimeshaikunja mara mbili na kuikunjua. Huko kungekuwa kunyamaza kwa namna nyingine. Na najua Kiswahili cha kuandikwa kinakupa taabu, ungeruka mistari ukakisia. Kwa hiyo nitakuomba uketi hapa mezani, nikusomee mwenyewe kwa sauti yangu. Ukitaka kuuliza, nikatize. Ukitaka kukasirika, nipo.

Huo ni ufunguo wako mlangoni.

Baba yako,
Melkiori